Moto ni rahisi, kazi iko kwenye mchanga: niliyowaambia vijana wa Walukuba

Haya jamani, wazima wote? Kaeni kwanza, hata pale nyuma kwenye matofali kuna nafasi. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza letu la mtaa, asante kwa kutupa uwanja, wazee wangu shikamooni, mama zetu mliokuja kuhakikisha hatuunguzi mtaa karibuni sana, na nyie vijana ndo mmeniita kwa hiyo ntaongea na nyie zaidi, wekeni simu chini kidogo.

Mmeniomba niongee juu ya kuanza kuyeyusha na kumimina alumini nyumbani, yaani siyo kiwanda, ni ile ya wikendi nyuma ya nyumba, unatengeneza puli yako, mpini wako, kibao cha jina la duka. Sasa kila kijana anayenifuata anauliza kitu kimoja, tanuru. Mzee tanuru najengaje, mzee joto napataje, mzee blowa nanunua wapi. Na mi leo nataka niwaambie mapema kwamba moto ndo sehemu rahisi kuliko zote. Alumini inayeyuka kwenye digrii 660, makaa ukiyapulizia hewa vizuri yanapita hapo bila kutoka jasho. Watu wengi wanaoacha hii kazi hawaachi kwa sababu moto umewashinda, wanaacha kwa sababu kila wanachomimina kinatoka na vitundu, kimekatika sikio, au kimewarukia. Na hayo yote yanatoka kwenye vitu viwili, mchanga na maji. Kwa hiyo kwenye tanuru ntapita mbio, msinikasirikie.

Lakini kwanza nyie ni watu wa Jinja bana, msikae kama hii kitu ni ya wageni. Shaba ya Kilembe ilikuwa inachimbwa kule Kasese, inapandishwa treni, reli ya Kasese ilifika 1956, na inakuja kuyeyushwa hapa hapa kwenu, kwa nini hapa? Kwa sababu ya umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954. Wazee wengine waliokaa hapa wanakumbuka ule moshi. Na nenda Katwe leo Kampala utakuta watu wanayeyusha chakavu cha alumini na kumimina kwenye udongo, hana kipima joto, hana cheti, na kitu kinatoka kimenyooka. Ukipata nafasi kaa pale uangalie mikono yao, usiulize maswali mengi, nunua chai, angalia. Na wale wa sanaa kama mnapita njia ya Fort Portal kwenda Kasese kuna Rwenzori Founders, wao wanamimina sanamu za shaba kwa njia ya nta, ile ni daraja la juu sana lakini ukiona utaelewa kwamba mchezo ni ule ule.

Haya tanuru. Chukua debe la chuma au kipande cha pipa, ndani ukandike udongo unene wa kama inchi mbili au tatu, udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga unavumilia vizuri kwa kuanzia, wale wanaotengeneza sigiri, majiko ya makaa, wanaujua, muulize mmoja wao. Toboa tundu moja chini pembeni kwa ajili ya bomba la hewa. Hewa inaweza kutoka kwenye blowa ya kuzungusha kwa mkono, feni ndogo ya betri, hata draya ya saluni iliyochoka, ila bomba linaloingia kwenye moto liwe la chuma, plastiki ikae mbali. Acha likauke kivulini siku nyingi, alafu uwashe moto mdogo mdogo kabla ya moto mkubwa, maana udongo wenye maji ukiupa moto wa ghafla unapasuka vipande. Ukishindwa kungoja hapo basi hii kazi sio yako, nakwambia ukweli. Makaa mnajua bei imepanda na tangu ile amri ya rais ya 2023 juu ya makaa ya kaskazini imekuwa shida zaidi, wengine wameanza kuchoma oili chafu ya injini na blowa, inafanya kazi lakini mi kwa mtu anayeanza sipendekezi, ina tabia zake, anza na makaa kidogo na chungu kidogo cha kuyeyushia, cha kubeba kilo moja tu.

Chungu chenyewe, ukipata kile cha grafaiti cha kununua ni bora. Kama hupati, kipande cha bomba nene la chuma kilichochomelewa sahani nene chini, weldingi ya kuzunguka pote, siyo ya kushikiza. Ujue tu kwamba alumini ya moto inakula chuma polepole, kwa hiyo kopo jembamba la maziwa ni mtego, litatoboka siku ambayo huitaki. Ndani paka uji wa udongo ukauke, kabla ya kila moto uligonge, ulikague, ukiona limekuwa jembamba tupa. Na msikate mitungi ya gesi ya zamani kutengeneza chungu! Hata ukidhani imeisha.

Sasa hapa tuende taratibu, chakavu. Siyo kila alumini ni alumini. Vijana wanaanza na makopo ya soda na bia kwa sababu ni bure, unayeyusha gunia zima, unapata majivu mengi na metali kiduchu, kwa nini? Kopo ni jembamba, ngozi yake ya nje ni kubwa kuliko uzito wake, inashika oksijeni na ina rangi, na mfuniko wake una magnesiamu zaidi kuliko mwili. Ukitaka kujifunza kuhurumia makaa yako achana na makopo. Waya za umeme nazo ni alumini karibu tupu, inaonekana safi, lakini kwenye kalibu, yaani umbo unalomiminia, inakwenda uvivu, haijazi pembe, inapasuka ikipoa. Na zaidi ya hapo waya nyingi zinazozunguka kwenye skrepa zimeibwa kwenye laini, sheria ya umeme iliyorekebishwa 2022 imeongeza adhabu kwelikweli na anayenunua naye haachwi, kwa hiyo mtu akikuletea waya usiku mwambie aendelee na safari.

Unachotaka ni kitu ambacho tayari kilishawahi kumiminwa. Pistoni, silinda hedi, nyumba ya giaboksi, kava ya injini ya boda. Hizo zina silikoni ndani, na silikoni ndo inafanya alumini itiririke na isipasuke ikiganda. Nenda kwa makanika wa boda na wa takisi, waambie wakuwekee pistoni zilizokufa, toa ringi, toa pini ya chuma, chemsha au choma mafuta yote kabla ya kuiweka karibu na chungu. Vunja vipande vidogo kwa nyundo, pistoni ikipashwa moto kwanza inavunjika kirahisi kuliko ya baridi.

Alafu jua kutambua adui. Kitu kinang'aa kama alumini lakini kizito mkononi, kama kufuli fulani, bomba za maji, kabureta nyingine, hiyo ni zinki, uzito wake ni kama mara mbili na nusu ya alumini, weka pembeni. Kitu ni chepesi kupita alumini, simama hapo, inaweza kuwa magnesiamu. Kwangua kidogo kwa tupa, dondoshea siki pale palipokwanguliwa, ikitoa povu papo hapo ni magnesiamu, alumini haifanyi hivyo. Magnesiamu ikishika moto haizimiki kwa maji, maji yanaiongezea. Bati na ndoo zilizopakwa zinki zisiingie kwenye moto, ule moshi mweupe unakupa homa ya usiku na kutetemeka ukadhani ni malaria. Betri na vitu vya risasi, hapana kabisa, hasa nyumba yenye watoto. Na kitu chochote kilichofungwa, shokapu, makopo ya kupuliza dawa, hicho ni bomu, kitoboe mbali au kiache.

Maji. Nyamazeni kidogo hapa, hata nyie wa nyuma. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inakuwa karibu lita 1,700. Tone moja likikamatwa chini ya alumini iliyoyeyuka halina pa kwenda, linanyanyua kila kitu kilichoko juu yake na kukurushia usoni. Kwa hiyo kila kinachogusa alumini ya moto kinapashwa kwanza, kijiko cha kutolea taka, fimbo, kalibu ya kumiminia mabaki, na kipande cha chakavu unachoongeza, kiweke ukingoni mwa tanuru mpaka mkono usivumilie ndo ukitumbukize. Ukihema asubuhi hapa Jinja na ziwa hili pembeni, unyevu unaona uko hewani tu, chuma kilicholala nje kina umande hata kama hukioni. Mvua ikianza umeshawasha, funika, ahirisha, makaa yamepotea basi yamepotea.

Na msimimine juu ya sakafu ya saruji. Najua ni safi na imenyooka, lakini saruji ina maji ndani, alumini ikimwagika juu yake saruji inapasuka na kurusha vipande. Tengeneza kitanda cha mchanga mkavu, upana wa kutosha, kazi yote ifanyike juu yake. Ndoo ya mchanga mkavu iwe pembeni kwa ajili ya moto, ndoo ya maji iwe mbali, ya kupoza ngozi tu. Mtu akiungua ni maji baridi yanayotiririka dakika 20, siyo Colgate, siyo mayai, siyo asali, alafu hospitali. Vaa viatu vya ngozi vilivyofunika, suruali ya pamba au jinzi ikae nje ya kiatu isiingie ndani, maana matone yanapenda kujificha kwenye kiatu. Nailoni inayeyukia mwilini. Glavu za ngozi, kinga ya uso nzima, siyo miwani ya jua. Mnacheka lakini nimewaona. Fanyia nje, makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, chumba cha mabati kilichofungwa kinaua kimyakimya. Na usimimine peke yako.

Sasa mchanga, hapa ndo nilitaka kufika.

Mchanga wa ziwa tulionao ni msafi sana, umeoshwa na mawimbi, na hiyo ni shida, kwa sababu mchanga msafi haushikani. Unauchekecha kwa wavu wa mbu wa dirishani mpaka upate ule laini, alafu unaongeza udongo wa mfinyanzi, uliokaushwa, ukatwangwa, ukachekechwa mpaka ni unga. Kama sehemu moja ya udongo kwa sehemu tisa au kumi za mchanga, lakini msiniulize kipimo kamili maana kila udongo una nguvu yake, wa bondeni hapa na wa Bukoto siyo sawa. Mtu aliyepata bentonaiti, ule udongo wa wachimba visima, ana bahati, hiyo inashika kwa kiasi kidogo tu. Maji ni kidogo sana, yaani kwa kilo kumi za mchanga unaanza na vikombe viwili hivi vya chai vidogo, unanyunyiza, siyo kumwaga, unachanganya, unafunika na kavera, mfuko wa plastiki, na kuacha usiku mzima ili unyevu utembee. Watu wanaruka huu usiku mmoja. Usiruke.

Kujua kama uko tayari unakamata ngumi moja na kuibana kwa nguvu. Ukifungua mkono donge libaki na alama za vidole, zote zionekane. Livunje katikati, livunjike kwa kukatika safi bila kumong'onyoka. Likimong'onyoka halina maji au halina udongo. Likigandia vidole kama posho ya moto, yaani ugali, maji yamezidi, na maji yaliyozidi ndo vile vitundu, kwa sababu alumini ya moto inauvunja mvuke na kuchukua haidrojeni yake, inakaa nayo kimya wakati ni kimiminika, ikianza kuganda inaitapika, unapata kitu kimejaa matundu ndani kama siyo nje. Mtu anasema alumini mbaya, pistoni mbaya, kumbe ni kikombe kimoja cha maji.

Kalibu inakaa kwenye fremu mbili za mbao, ya chini na ya juu, zenye pini za kuzirudisha mahali pake pale pale. Pateni yako, yaani mfano wa kitu unachotaka kumimina, tuseme ni puli ya mbao uliyochonga, iwe kubwa kidogo kuliko kitu chenyewe maana alumini inasinyaa ikipoa, karibu milimita 13 kwa kila mita, kwa kitu kidogo ni nywele tu lakini kwa puli inayopaswa kukaa kwenye shafti utajuta. Na kuta zake ziwe na mwinamo kidogo, zisisimame wima kabisa, ili ukiivuta itoke bila kubomoa mchanga. Piga msasa, paka vanishi, mbao yenye manyoya inakamata mchanga. Nyunyizia pauda ya mtoto kati ya fremu mbili ili zisishikane, au majivu laini yaliyochekechwa.

Kushindilia kuna ufundi. Tabaka la kwanza juu ya pateni ni mchanga uliochekechwa, ubonyeze kwa vidole, ingia kwenye kila kona, alafu tabaka kwa tabaka kwa kipande cha mbao, kwa nguvu sawasawa. Ukishindilia kidogo alumini inabomoa ukuta, ukishindilia kupita kiasi hewa haipiti na gesi inarudi kwenye metali. Kwa hiyo chukua spoku ya baiskeli, toboa toboa fremu ya juu karibu ifike kwenye pateni lakini isiiguse, hayo ndo matundu ya kupumulia. Mlango wa kumiminia usiwe juu ya kitu chenyewe, uwe pembeni, ushuke, alafu njia ndogo iingie kwa ubavu, ili alumini iingie kwa utulivu bila kurukaruka. Na pale kwenye sehemu nene zaidi ya kitu chako weka shimo la akiba, pana, linaloenda juu. Alumini ikitoka kimiminika kwenda kigumu inapungua kama asilimia 6 ya ujazo, ile nyembamba inaganda kwanza, ile nene inabaki na kiu, kama hakuna akiba ya moto ya kuinywesha inajinywesha yenyewe, unapata shimo la kuzama juu. Shimo la akiba lazima ligande la mwisho, kwa hiyo liwe nene kuliko kitu kinacholishwa. Wengi wanaweka kashimo kama ka penseli alafu wanashangaa.

Kumimina kwenyewe ni dakika chache. Fanyia kivulini, mchana wa jua alumini iliyoyeyuka inaonekana fedha tu, haikuonyeshi imefika wapi, na chungu kikiwa kivulini unaona chuma chake kimeanza wekundu hafifu. Ukipata kile kipima joto cha waya, aina ya K, unamimina kati ya 700 na 750. Kuizidisha siyo ujanja, ikichemka sana inachukua gesi zaidi na taka zinaongezeka. Toa taka za juu mara moja, usikoroge koroge kila dakika, ile ngozi ya juu inailinda. Koleo liwe la kukumbatia chungu kwa nje, siyo la kukamata ukingo kama sufuria ya chai, na mfanye mazoezi chungu kikiwa cha baridi, na mchanga ndani badala ya metali, mpaka mikono yenu wawili ijue nani anapita wapi. Mimina kwa mkondo mmoja usiokatika, mlango ukae umejaa mpaka mwisho. Ukisita katikati, kinaganda mstari hapo. Kilichobaki kwenye chungu kimimine kwenye kalibu ya chuma iliyopashwa, usikiache kigande ndani.

Alafu usifungue. Najua, najua. Kitu kidogo kipe nusu saa, kikubwa zaidi ya hapo.

Kuna mama hapa mbele alinong'ona swali, kwa nini hawa vijana wasianze na sufuria wauze. Mama, swali zuri na jibu langu ni hapana, siyo kwa chakavu kisichojulikana. Watafiti waliopima sufuria za chakavu kule Kameruni walikuta risasi inatoka na kuingia kwenye chakula, na risasi haina kipimo salama kwa ubongo wa mtoto, na huwezi kuiona kwa macho wala kuionja. Mtu anayeanza hana njia ya kujua kwenye kile chungu kumeingia nini. Kwa hiyo puli, mipini, vibao, vishikio vya mlango, kibebeo cha kioo cha boda, hizo fanya. Chakula kisiguse.

Na yule aliyeuliza shaba na chuma, shaba ya njano ina zinki, na zinki inachemka kwenye 907 wakati ile shaba yenyewe inayeyuka karibu na hapo, moshi wake ndo ule niliosema, mwaka wa kwanza iache. Chuma cha kumimina kinataka karibu 1,200, hapo tanuru la kichuguu linaanza kulia. Wahunzi wa zamani wa Bunyoro walitoa chuma kwenye mawe kwa makaa na mifuo na mirija ya udongo, lakini hawakukimimina, walikitoa kikiwa donge laini na kukifua kwa nyundo, hiyo ni siku nyingine mkinialika tena, na safari hiyo mwenyekiti alete pia wazee wanaojua.

Haya tutoke. Tanuru limeshapata moto tangu nianze kuongea, kalibu mbili ziko tayari, mchanga ulilala kwenye kavera tangu jana. Wenye slipa na gambuti mnabaki nyuma ya kamba, wawili walioshika koleo jana kwa mazoezi njooni mbele mvae, na mama shika huyo mtoto mkono.